Mtoto mwenye mgongo wazi: mwongozo wa malezi kuanzia saa ya kuzaliwa, na jinsi ya kuziokoa figo

Kidonda cha mgongoni ndicho kila mtu hukikodolea macho. Kinatisha, kinavuja, na siku kinapofungwa na kupona familia hushusha pumzi na kusema mtoto amepona. Hajapona. Kilichofungwa ni ngozi na tando zake. Neva ambazo hazikuumbika sawasawa chini ya pale zinabaki vilevile, na hizo ndizo zinazoendesha miguu, haja kubwa na kibofu. Kinachowaondoa watoto hawa baadaye, mara nyingi, ni maji yaliyojaa kichwani bila kuwahiwa, au figo zilizoharibiwa taratibu na mkojo usiotoka. Ndiyo maana mwongozo huu unapita haraka kwenye upasuaji, ambao ni kazi ya daktari, na kukaa sana kwenye kibofu, ambacho ni kazi yako wewe mzazi kila siku.

Jua kwanza aina ya tatizo

Ubongo na ugwe mgongo, yaani ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili, huanza kama bamba bapa linalojikunja kuwa mrija. Mrija huo huwa umeshafungwa kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, wakati ambao mama wengi ndio kwanza wanajiuliza kuhusu hedhi iliyochelewa. Sehemu ya chini isipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi.

Aina nzito, na ndiyo inayozungumzwa zaidi hapa, ni mielomeningosili: uvimbe au mfuko mgongoni wenye neva ndani yake, mara nyingi bila ngozi juu. Meningosili ina mfuko wenye tando na maji tu, na miguu kwa kawaida hufanya kazi. Kuna pia mgongo uliofunikwa na ngozi nzima lakini chini yake pana uvimbe wa mafuta ulioshikana na neva. Huyu huonekana mzima utotoni, kisha huanza kudhoofika anapokua. Halafu kuna ile ya mfupa peke yake, ambapo tao la pingili moja ya chini halijaungana na hakuna kingine. Hiyo hukutwa kwenye eksirei za watu wengi wazima kabisa. Kama ndiyo uliyoandikiwa, na ngozi ya mgongo haina alama yoyote, na miguu na mkojo viko sawa, usipoteze usingizi.

Saa 72 za kwanza

Mgongo hufungwa ndani ya saa 48 hadi 72 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo hatari ya vijidudu kupanda hadi kwenye ubongo huongezeka. Ukiwa umechelewa, nenda hivyohivyo: hata mfuko uliokwisha kujifunika ngozi nyembamba hufanyiwa upasuaji. Kabla ya kufika kwa daktari wa upasuaji, haya ndiyo ya kufanya:

1. Usimlaze chali. Mlaze kifudifudi au kwa ubavu, na uweke kitambaa kilichokunjwa chini ya nyonga ili zinyanyuke kidogo.

2. Funika mfuko kwa gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) safi isiyonata, iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali ya asilimia 0.9. Juu yake weka nailoni safi ili unyevu na joto visipotee. Ongeza maji kabla gozi haijakauka. Gozi kavu hushika kwenye neva, na anayeibandua hubandua neva pamoja nayo.

3. Usipake spiriti, ayodini, poda, dawa ya unga wala majani. Neva zilizo wazi huungua kwa dawa hizo, na zikishaungua hazirudi.

4. Bandika kipande cha nailoni kati ya kidonda na njia ya haja kubwa, kikining'inia kama aproni. Choo cha mtoto ndicho chanzo kikubwa cha maambukizi ya kidonda hiki, na nailoni ya sentimita kumi inazuia mengi.

5. Waombe wanaomhudumia watumie glovu zisizo za lateksi. Watoto hawa hupasuliwa na kuguswa na vifaa vya mpira asilia mara nyingi tangu siku ya kwanza, na wengi wao hupata mzio wake, wakati mwingine mkali wa kuziba pumzi. Kizuizi ni kuanza bila lateksi, si kungoja mzio ujitokeze. Hilo linahusu hata mapulizo ya kuchezea.

6. Muulize mhudumu kama anaweza kunyonya. Wengi wanaweza, wakipakatwa kwa ubavu bila mgongo kuguswa.

7. Pima kichwa, na uandike tarehe na saa.

Kabla hajaingia chumba cha upasuaji, tazama miguu yake anapolia na uandike kinachotikisika: nyonga, goti, kifundo, vidole. Maandishi hayo ndiyo kipimo cha kulinganishia miaka yote inayokuja.

Baada ya upasuaji ataendelea kulala kifudifudi au ubavuni hadi kidonda kishike, kwa kawaida wiki mbili hivi. Kidonda kikianza kuvuja maji meupe kama ya kisima, usidhani ni uzi uliolegea tu. Mara nyingi shinikizo limepanda kichwani, na maji yametafuta pa kutokea.

Kichwa

Watoto wengi wenye mielomeningosili hupata kichwa kikubwa, kwa sababu sehemu ya nyuma ya ubongo huwa imevutwa chini kwenye shingo na kuziba njia ya maji. Wengine huzaliwa kichwa kikiwa cha kawaida, kisha hukua baada ya mgongo kufungwa. Kwa hiyo kichwa kinapimwa nyumbani.

Tumia futi ya fundi cherehani, ile laini. Izungushe juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, na kwenye kisogo pale palipochomoza zaidi. Pima mara tatu uandike kipimo kikubwa. Mtoto aliyetimia miezi huzaliwa na kichwa cha takriban sentimita 33 hadi 37. Miezi mitatu ya kwanza hukua kama sentimita 2 kwa mwezi, mitatu inayofuata sentimita 1, kisha nusu sentimita kwa mwezi hadi mwaka. Ukiona sentimita 1 imeongezeka kwa wiki moja, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Pima mara moja kwa wiki, siku ileile. Anayepima kila siku hupima makosa ya mkono wake, si kichwa.

Dalili nyingine: utosi uliovimba na kukaza mtoto akiwa ameketi na hajalia, mishipa ya kichwani kuonekana, kutapika, mboni kuzama chini huku weupe wa jicho ukionekana juu, na kilio chembamba cha ajabu. Mtoto anayekwama pumzi, kukoroma anapovuta hewa au kupaliwa kila anaponyonya, naye ni wa kukimbizwa: shina la ubongo linabanwa.

Tiba ni mbili. Moja ni shanti, mrija unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Nyingine ni kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo kwa kamera na kuchoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Mbinu hii ya pili ilikomazwa Mbale, Uganda, na daktari Benjamin Warf mwanzoni mwa miaka ya 2000, na faida yake ni kwamba hakuna mrija wa kuziba. Shanti ni kifaa, na vifaa huharibika: sehemu kubwa ya zile zinazowekwa kwa watoto huhitaji kurekebishwa ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Mtoto mwenye shanti anayetapika na kusinzia ahesabiwe kuwa shanti imeziba mpaka daktari athibitishe vinginevyo, hata kama nyumba nzima inaharisha wiki hiyo. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: choo kikijaa sana tumboni kinaweza kuzuia maji ya shanti kushuka. Kichwa kinauma, kumbe tatizo liko kwenye utumbo.

Kibofu: hapa ndipo penye kazi

Kibofu cha kawaida hujaa kikiwa kimelegea, kisha hukaza huku mlango wake ukifunguka. Kwa mtoto mwenye mgongo wazi mambo haya mawili hayasikilizani. Kibofu kinakaza na mlango nao unakaza. Mkojo haupati pa kutokea, shinikizo linapanda, na mkojo unarudi juu kwenye figo. Shinikizo likizidi sentimita 40 za maji, figo zinaanza kuumia. Hakuna maumivu. Mtoto anacheza, nepi inalowa, na kila mtu anaona anakojoa. Nepi iliyolowa haithibitishi kwamba kibofu kimemwagika. Mara nyingi ni mkojo wa kufurika tu, ule wa juu, kama ndoo iliyojaa.

Ndiyo maana usimbonyeze tumbo ili akojoe. Ushauri huo ulitolewa zamani na bado unatembea. Ukibonyeza kibofu ambacho mlango wake umekaza, unausukuma mkojo kwenye figo kwa mkono wako mwenyewe.

Njia iliyobadilisha maisha ya watu hawa ni kupitisha mpira wa mkojo kila baada ya saa chache, kumwaga, na kuutoa. Jack Lapides, daktari wa Marekani, alionyesha mwaka 1972 kwamba mpira huo hauhitaji kutakaswa kama wa chumba cha upasuaji. Usafi wa sabuni na maji unatosha, kwa kuwa kinachokaribisha maambukizi zaidi ni kibofu kilichojaa na kutanuka kupita kiasi. Vituo vingi huanza tangu wiki za kwanza baada ya kuzaliwa. Kuanza mapema kuna faida nyingine: mtoto anakua akiona ni sehemu ya siku, kama kupiga mswaki. Anayeanzishwa akiwa na miaka sita hupigana.

Vifaa: mpira usio wa lateksi (namba 5 au 6 kwa mchanga, 8 hadi 10 kwa mtoto, 12 kwa kijana), jeli ya kulainisha inayoyeyuka kwenye maji, sabuni, maji, kitambaa safi, na kikombe chenye alama za mililita. Usitumie mafuta mazito ya kupaka. Hayayeyuki, hubaki ndani ya kibofu.

Mara ya kwanza fundishwa na muuguzi, ukifanya kwa mkono wako yeye akitazama. Hatua ni hizi:

1. Nawa mikono kwa sabuni kwa nusu dakika, kisha panga vifaa karibu. Ukigusa nepi au simu, nawa tena.

2. Safisha. Kwa msichana, tenganisha mashavu ya uke na ufute kutoka mbele kwenda nyuma, kila mfuto na sehemu safi ya kitambaa. Kwa mvulana, rudisha govi nyuma kadiri linavyokubali lenyewe, bila kulilazimisha.

3. Paka jeli, kwa mvulana kwa wingi, angalau sentimita 5 za mwanzo.

4. Kwa msichana, tundu la mkojo liko chini kidogo ya kinembe, juu ya tundu la uke. Ni dogo, kama kishimo. Ingiza taratibu. Mpira ukiingia lakini mkojo hautoki, huenda umeingia ukeni. Usiuchomoe: uache hapohapo kama alama, chukua mwingine safi, upitishe juu yake. Ukiuchomoa na kujaribu tena, utarudi palepale ulipokosea.

5. Kwa mvulana, nyanyua uume uelekee juu ili njia inyooke. Utafika mahali mpira unagoma: ni mlango wa kibofu umekaza. Tulia, mwambie avute pumzi na kuitoa au akohoe, na uendelee kushikilia kwa msukumo mdogo usiobadilika. Utalegea. Usichome-chome mbele na nyuma. Hivyo ndivyo njia inavyochubuka na kutengeneza kovu.

6. Mkojo ukianza kutoka, sukuma sentimita 1 au 2 zaidi na usubiri uishe.

7. Utoe polepole. Mkojo ukianza kutiririka tena ukiwa unatoa, simama mpaka uishe, kisha endelea. Mililita kumi zinazobaki chini kila mara ndizo zinazooza.

8. Kwa mvulana, rudisha govi mbele. Likiachwa nyuma huvimba na kubana kichwa cha uume, na hiyo ni dharura.

9. Andika saa na kiasi.

Michirizi midogo ya damu siku za mwanzo si ajabu. Damu inayoendelea, mabonge, au mpira kushindwa kabisa kupita ni safari ya hospitali.

Mipira mingi imeandikwa kuwa ni ya kutumia mara moja. Pale isipopatikana ya kutosha, mpira uliooshwa ni bora mara nyingi kuliko kibofu kisichomwagwa. Uoshe mara tu baada ya kutumia kwa sabuni na maji, pitisha maji ndani yake kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kung'uta, uanike kwenye hewa mpaka ukauke ndani, uhifadhi kwenye chombo safi kikavu. Usiufungie mbichi kwenye mfuko wa nailoni. Ukikakamaa, ukipasuka au ukawa na ukungu, tupa.

Sasa daftari, ambalo watu hulidharau. Ujazo unaotarajiwa wa kibofu cha mtoto ni takriban umri wake kwa miaka, ongeza 1, zidisha kwa 30. Mtoto wa miaka minne: mililita 150. Tuseme daftari lake linasoma hivi: saa 12 asubuhi, 140, saa 4 asubuhi, 120, saa 8 mchana, 230, saa 12 jioni, 150. Tatizo liko wazi. Kati ya saa 4 na saa 8 anakunywa maji mengi, na kibofu kinajaa kupita kipimo chake kila siku saa zile. Dawa yake ni kumwaga mara moja zaidi, saa 6 mchana. Kumpunguzia maji si dawa. Kwa kawaida mchana humwagwa kila baada ya saa 3 hadi 4. Usiku daktari ataamua kwa kuangalia vipimo. Na kama kila mara kinatoka kidogo sana na nepi inalowa katikati, pengine kibofu kinakaza ovyo, na hapo ndipo dawa ya kukilegeza, oksibutinini, huingia. Dozi hukokotolewa kwa uzito. Humkausha mtoto kinywa, humfanya akose jasho na kushikwa na joto, na humletea choo kigumu, kwa hiyo anayepewa dawa hii apangiwe na mpango wa choo siku hiyohiyo.

Kosa lingine la kila mahali: mkojo wa mtoto anayetumia mpira ukipimwa, vijidudu huonekana karibu kila mara. Hiyo peke yake si ugonjwa. Ukimpa antibayotiki kila karatasi ya maabara inaposema kuna bakteria, baada ya mwaka hakuna dawa itakayomfaa siku anapougua kweli. Hutibiwa akiwa na homa, maumivu ya ubavu au tumbo, kutapika, au ameanza kuvuja ghafla wakati alikuwa mkavu. Harufu kali peke yake, mpe maji kwanza.

Figo zenyewe zipimwe kwa altrasaundi mapema baada ya kuzaliwa, kisha kila baada ya miezi michache mwaka wa kwanza, na baadaye kila miezi 6 hadi 12. Omba pia kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, na shinikizo la damu. Kuna kipimo cha shinikizo la ndani ya kibofu ambacho hakipatikani kila mahali. Kikipatikana, kifanyike mwaka wa kwanza, maana ndicho kinachosema ukweli kabla altrasaundi haijaonyesha figo iliyovimba.

Choo

Neva zilezile huendesha utumbo wa mwisho, hivyo choo hukaa muda mrefu na kuwa kigumu, kisha chepesi huvuja pembeni yake. Mzazi anaona kuharisha na kutoa dawa ya kufunga, na hali inakuwa mbaya zaidi. Pima kwa mkono: upande wa kushoto chini ya tumbo ukiwa na mabonge, huko si kuharisha.

Mkalishe chooni kila siku, zikipita dakika 20 hadi 30 tangu amalize mlo uleule, wakati utumbo wenyewe unapoamka, miguu ikiwa imekanyaga kitu. Kukaa dakika 10 kunatosha. Mtoto asiyekuwa na nguvu ya kusukuma mpe filimbi apulize. Isiposaidia, daktari ataagiza dawa ya kulainisha, au kuosha utumbo kwa maji ya chumvi: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu, gramu 9 za chumvi, karibu kijiko kimoja na nusu cha chai kilichosawazishwa. Kiasi huanzia mililita 10 na kwa kawaida hakizidi 20 kwa kila kilo ya uzito. Usitumie maji matupu, kwa sababu hunyonywa na kushusha chumvi ya damu, na mtoto anaweza kupata degedege. Wala usizidishe chumvi.

Ngozi isiyohisi, na miguu

Ambapo hahisi, macho yako ndiyo hisia zake. Kila jioni tazama matako, nyonga, visigino na vidole. Kijana ajitazame kwa kioo. Alama nyekundu isiyofifia baada ya dakika 30 maana yake uzito uondoke hapo kabisa mpaka ififie, na kiatu au kifaa kilichoisababisha kirekebishwe. Maji ya kuoga yajaribiwe na kiwiko cha mtu mwenye hisia. Anayetambaa sakafuni avae soksi na suruali. Anayetumia kiti cha magurudumu ajinyanyue kwa mikono kila dakika 15 hadi 30. Kidonda cha kukalia huanza kwa saa chache na kupona kwa miezi.

Kuhusu kutembea, ukubwa wa uvimbe hausemi mengi. Kinachosema ni misuli inayofanya kazi. Anayenyoosha goti kwa nguvu ana nafasi nzuri ya kutembea kwa vifaa vya kufunga miguu. Anayenyanyua na kushusha nyayo pia atahitaji vifaa vidogo zaidi. Asiyenyoosha goti huenda akasimama na kutembea utotoni kwa vifaa virefu, kisha akachagua kiti cha magurudumu anapokuwa mzito, na kuchagua huko si kushindwa. Nguvu anayoiokoa huitumia shuleni. Mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kuelekea ndani, hunyooshwa kwa plasta za kila wiki kwa njia ya Ponseti, lakini kwa ngozi isiyohisi plasta iwekwe pamba ya kutosha na vidole vitazamwe kila siku.

Mifupa ya miguu isiyobeba uzito ni dhaifu. Mguu ukivimba, ukawa wa moto na mwekundu bila maumivu, watu huita maambukizi na kuanza sindano. Omba eksirei kwanza. Mara nyingi ni mfupa umevunjika bila mtoto kuhisi.

Anapoanza kurudi nyuma

Mtoto mwenye mgongo wazi hapaswi kudhoofika kadiri anavyokua. Akidhoofika, kuna sababu, na ya kwanza kuitafuta ni shanti kuziba. Ya pili ni ugwe mgongo kushikwa na kovu na kuvutwa anaporefuka. Mtazame hasa miaka ya kurefuka haraka. Alikuwa mkavu kati ya mipira sasa anavuja; alikuwa anatembea umbali fulani sasa anachoka nusu yake; unyayo unaanza kupinda; mgongo au mguu unauma; mgongo unapinda upande kwa kasi. Kimoja kati ya hivyo kinatosha kuomba MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Upasuaji wa kuachilia ugwe huzuia kupoteza zaidi, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi chote. Ndiyo maana yale maandishi ya siku ya kwanza yanahitajika.

Mgongo uliofichika na pingili zilizoumbika vibaya

Kwa mtoto ambaye mgongo wake umefungwa, ngozi ndiyo inayotoa habari. Kishimo kidogo kati ya matako, kinachoonekana mwisho wake, ni cha kawaida. Kinachohitaji uchunguzi ni kishimo chenye upana zaidi ya milimita 5, au kilicho zaidi ya sentimita 2.5 juu ya tundu la haja kubwa, au chenye kishungi cha nywele, uvimbe laini, doa jekundu au kinachotoa maji. Altrasaundi ya mgongo huona vizuri miezi mitatu ya kwanza, kabla mifupa haijakomaa na kuzuia. Baada ya hapo ni MRI. Usikichokoe wala kukisafisha kwa kijiti.

Pingili nazo huweza kuumbika nusu, au mbili zikashikana upande mmoja. Mgongo hupinda kwa sababu upande mmoja unakua na mwingine haukui. Hatari zaidi ni pale upande mmoja umeshikana na mwingine una pingili nusu palepale. Mwinamishe mtoto mbele mikono ikining'inia, utazame kama ubavu mmoja umeinuka kuliko mwingine. Mshipi wa kunyoosha mgongo hausaidii sana aina hii, na kuukanda au kuukandamiza kwa nguvu kunaweza kuumiza neva, hasa pale mgongo unapochomoka nyuma kama kibiongo. Kwa kuwa figo na moyo huumbika wakati uleule na pingili, mtoto huyu apimwe altrasaundi ya figo na ya moyo hata kama hana dalili. Eksirei hurudiwa kila baada ya miezi 6 hivi katika miaka ya kukua haraka.

Mimba inayofuata

Kwa mwanamke yeyote anayeweza kushika mimba, asidi ya foliki ni mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji mara kumi zaidi: miligramu 4, na baadhi ya nchi hutoa kidonge cha 5. Utafiti mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha dozi hiyo ilipunguza kurudiwa kwa asilimia 72. Usiipate kwa kumeza multivitamini kumi, maana vitamini A iliyomo ikizidi nayo hudhuru mimba. Na kuanza kliniki ya wajawazito wiki ya 12 ni kuchelewa. Mrija ulishafungwa, au haukufungwa, kama wiki sita nyuma.

Mwenye kisukari adhibiti sukari kabla ya mimba. Anayetumia valproeti kwa kifafa amwone daktari abadilishiwe kabla ya kushika mimba. Asiiache ghafla mwenyewe, kwa kuwa degedege nalo linaua.

Altrasaundi ya wiki 18 hadi 22 ndiyo ya kuutazama mgongo. Mpimaji mzoefu huanza na kichwa: kikiwa kimebonyea mbele kama umbo la limau, na ubongo wa nyuma umejipinda kama ndizi, atarudi kwenye mgongo na kupima pingili moja moja. Vituo vichache duniani hufunga mgongo mtoto akiwa bado tumboni, kabla ya wiki ya 26. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 ulikuta njia hiyo hupunguza hitaji la shanti karibu nusu, ingawa huongeza hatari ya kuzaa kabla ya wakati. Kwa wengine wote, kugundua mapema kunamaanisha kupanga mahali pa kujifungulia: jengo lilelile lenye daktari wa upasuaji wa ubongo na mgongo, na mfuko wa vifaa wenye gozi isiyonata, maji ya chumvi, nailoni na glovu zisizo za lateksi, ukiwa umeshafungwa kabla ya uchungu kuanza.